Wakuu naomba ushauri: nimepata bunduki ya Mauser ya askari wa Mjerumani, niikarabati vipi?

Kijana wa Ngamiani:
Habari zenu wakuu. Mimi mtu wa Tanga, kwa sasa nipo Ohio, Marekani. Kuna mzee huku anauza Mauser ya Mjerumani, anasema ilipigana kwetu Vita vya Kwanza mikononi mwa askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Baba wa babu yangu alikuwa askari, na alikuwepo Tanga Novemba 1914 Waingereza walipoteremsha jeshi kutoka India wakarudishwa baharini. Kwangu hii si bunduki tu. Shida ni kwamba kitako kina mikwaruzo na madoa meusi, na chuma kimeshika kutu. Nipige msasa na vanishi? Nimpe fundi aipake chuma weusi upya? Silali, naogopa kuiharibu.

Seremala wa Keko:
Mkuu, msasa weka mbali kabisa. Kwenye mbao ndiko kuna mihuri ya wakaguzi, ukishailamba hairudi. Kutu itoe kwa pamba ya chuma ile laini kabisa na mafuta mepesi ya mashine, taratibu, ukifuta kwa kitambaa. Mbao zipe mafuta ya kitani kidogo, acha zinywe. Weusi mpya usithubutu, wakusanyaji wataikimbia. Halafu kagua kama namba za vyuma vinavyofunguka zinalingana na ya mtutu. Mimi niliwahi kuletewa sanduku la Kizanzibari lenye njumu za shaba, mteja alishalipaka vanishi ya kung'aa mpaka kwenye shaba. Nilikaribia kulia. Watu hawajui kwamba uzee wa kitu ndio mali yenyewe.

Mama Doreen:
Mwanangu, bunduki ndani ya nyumba ya nini? Mjomba wetu Kilosa alikuwa na gobore la kufukuzia nguruwe, likalala juu ya kabati miaka, kila mtu anajua halina kitu. Siku mtoto alipolishusha lilikuwa na kitu. Mungu alisaidia likatoboa bati. Hiyo hela tuma nyumbani, nunua kiwanja.

Mzee wa Mohoro:
Umenikumbusha mbali. Sisi huku Rufiji tumekua tukisikia habari za Königsberg, ile manowari iliyozamishwa mtoni Julai 1915. Wajerumani waliopoa mizinga yake kumi, wakaiburuza nchi kavu na kupigana nayo. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, nendeni mkauone. Vyuma vilivyobaki mtoni vimeuzwa skrapa, na hilo linaniuma mpaka leo.

Wakili wa Ubungo:
Mleta mada, umeuliza habari ya msasa tu. Mimi nauliza mawili. Juu ya chemba, karibu na jina la kiwanda, pamechongwa mwaka gani? Na huko uliko una viza ya aina gani?

Kijana wa Ngamiani:
Wakili, hayo yana uhusiano gani na kutu?

Wakili wa Ubungo:
Yana uhusiano na wewe kulala rumande. Jibu.

Kijana wa Ngamiani:
Pamechongwa Spandau, 1916. Viza ni ya masomo. Lakini nimeshalifikiria hilo, binamu yangu ana kadi ya kijani, ataandikisha kwa jina lake kisha ikae kwangu. Nimeshatanguliza dola 400, nusu ya bei, zinazobaki ni Jumamosi. Huku silaha zinauzwa kama mitumba, sioni kosa liko wapi. Na mimi sina nia ya kufyatua hata risasi moja.

Wakili wa Ubungo:
Kosa ni hili. Sheria ya shirikisho huko, ya 1968, inaitoa kwenye hesabu ya silaha bunduki iliyotengenezwa 1898 au kabla. Ya 1916 ni silaha kamili. Mwenye viza ya masomo haruhusiwi kuwa nayo, isipokuwa mambo machache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Na fomu ya duka la silaha inauliza waziwazi kama anayenunua ndiye mnunuzi mwenyewe. Binamu akisema ndiyo kwa niaba yako, amesema uongo kwa serikali. Utamponza.

Chuma Mboga:
Hii ni chai, wakuu. Bunduki ya 1916 ilipigana vipi Tanga 1914? Mleta uzi anatunga, anataka tu tujue yuko Marekani. Mlioandika aya ndefu poleni.

Kijana wa Ngamiani:
Sikusema ilikuwa Tanga! Nimesema baba wa babu alikuwa Tanga. Bunduki muuzaji ndiye kasema ilipigana Afrika Mashariki, vita vilikwenda mpaka 1918. Usinivunjie heshima, ukoo wangu si chai.

Nyuki wa Ras Kazone:
Mimi nilikuwepo vitani Tanga, ndugu zangu nyuki ndio waliowauma Waingereza. Sikuiona hiyo bunduki. 😂

Mzee wa Mohoro:
Kijana hatungi, katungiwa. Tanga askari wengi walishika Mauser ya 1871, ya risasi moja moja, yenye baruti ya moshi mzito unaomtangaza mpigaji. Bunduki mpya zilikuja na meli mbili zilizokwepa Waingereza. Rubens iliingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Aprili 1915. Marie ilifika Sudi, Lindi, Machi 1916, na ilikuwa imeondoka Ulaya Januari. Baada ya hapo hakuna meli. Novemba 1917 wakajaribu kwa chombo cha angani cha aina ya puto kubwa, L59, kikageuzia Sudan. Sasa hiyo ya 1916 ilipita wapi? Walipojisalimisha Abercorn, sasa Mbala ya Zambia, Novemba 1918, wengi walishika bunduki walizoteka kwa Waingereza na Wareno.

Kijana wa Ngamiani:
Mzee wangu, shikamoo. Hapo sina la kusema. Lakini amenionyesha herufi K.S. kwenye chuma, kasema ndiyo alama ya jeshi la makoloni.

Seremala wa Keko:
Alama ni kweli ipo. Na muhuri wa herufi mbili hata mimi naweza kuupiga kesho asubuhi. Angalia kama kingo za herufi zinang'aa kuliko kutu inayozizunguka.

Kijana wa Ngamiani:
Zinang'aa.

Na nikipata ile ya 1871 yenyewe?

Wakili wa Ubungo:
Kwa sheria ya shirikisho hiyo ni kale, si silaha. Soma na sheria za Ohio kabla hujatoa hela. Ukiota kuileta Tanga, sheria yetu ya silaha ya 2015 inakusubiri bandarini, anza na kibali.

Kijana wa Ngamiani:
Sawa wakuu. Jumamosi naenda kudai dola zangu. Binamu atanisindikiza, ana mwili.

Mama Doreen:
Binamu abaki nyumbani.