Mvinyo wa Afrika Kusini kwa sherehe: Chenin, Pinotage au Cabernet, na wa eneo gani?

Baba_Bibiharusi
Wakuu, habari za majukumu. Tuna sendofu ya binti yetu mwezi ujao hapa Dar. Muuzaji wa jumla kanitumia orodha ya mvinyo wa Afrika Kusini, bei zimekaribiana, lakini majina ya zabibu na maeneo yananichanganya. Weupe: Chenin Blanc ya Swartland, Sauvignon Blanc ya Elgin. Wekundu: Pinotage na Cabernet Sauvignon za Stellenbosch, Shiraz ya Paarl. Chakula ni pilau, ndafu, samaki wa kupaka, na kachumbari yenye pilipili za kutosha. Kamati imeniruhusu aina mbili tu, mweupe mmoja na mwekundu mmoja. Je, kuna tofauti ya kweli au ni mbwembwe za lebo?

Mbeba_Maboksi_CT
Hongera sana mzee. Tofauti ipo. Nipo Cape Town na kazi inanipitisha sana kwenye mashamba ya mizabibu, kwa hiyo nianze na mweupe.

Mizabibu karibu yote ya nchi hii iko jimbo la Western Cape, na kinachoamua ladha kwa sehemu kubwa ni umbali kutoka baharini. Upande wa magharibi unapita mkondo wa Benguela, maji yake ni ya baridi hasa. Ndiyo maana kule Constantia, Durbanville na Elim, kunakopigwa na upepo wa bahari, zabibu huiva polepole na kubaki na uchachu. Elgin iko juu milimani, ni nchi ya matofaa, nako ni baridi. Sauvignon Blanc inapenda sehemu za namna hiyo. Ukiifungua inanukia majani mabichi na pilipili hoho. Safi sana kwa samaki wa kuchoma na ndimu, ila kwenye tui zito la nazi mimi naiona inakuwa kali.

Swartland ni habari nyingine. Ni nchi ya ngano, jua kali, mvua haba. Mizabibu ya zamani ya huko haifungwi kwenye waya, inasimama yenyewe kama kichaka kifupi, na mingi haimwagiliwi. Inazaa kidogo, lakini juisi yake ni nzito. Chenin ya mizabibu hiyo ina uzito mdomoni, ina harufu ya pea na asali, halafu mwishoni uchachu unakuja kusafisha ulimi. Kwa samaki wa kupaka sina mjadala.

Na msidhani Chenin ni kitu cha pembeni. Ndiyo inayolimwa kuliko zote hapa, takriban asilimia 18 ya mizabibu yote, na Afrika Kusini inayo nyingi kuliko Ufaransa ilikotoka. Zamani sehemu kubwa iliishia kwenye mitambo ya brandi. Siku hizi mashamba yenye miaka 35 na zaidi yana stika yake shingoni mwa chupa, inayotaja mwaka mizabibu ilipopandwa. Ukiiona, chukua.

Nyama_Choma_NBO
Salamu kutoka Nairobi. Kwa mwekundu, mimi ni mtu wa Cabernet ya Stellenbosch, hasa ya miteremko ya milima ya Simonsberg na Helderberg. Ina ukakasi unaoshika ulimi, na mafuta ya nyama ndiyo yanayoutuliza. Mbuzi wa kuchoma na Cabernet iliyokaa miaka kadhaa, hapo sina maneno.

LAKINI mzee ametaja pilipili. Cabernet nyingi za kule zina kilevi cha asilimia 14 hivi. Kilevi, ukakasi na pilipili vikikutana, mdomo unawaka. Shiraz ya Paarl pia, kule ni joto, inatoka nzito na yenye kilevi. Kwa hiyo naunga mkono Pinotage, japo si chaguo la moyo wangu.

Mpishi_Mbezi
Pinotage? Ile yenye harufu ya mpira ulioungua?

Nyama_Choma_NBO
@Mpishi_Mbezi hizo ni lawama za zamani, na nyingine zilikuwa za haki. Pinotage ikichachushwa kwenye joto kubwa bila uangalizi inanuka rangi ya kucha. Wazalishaji wazuri walishajifunza. Hii ni zabibu ya kwao wenyewe: Profesa Abraham Perold aliizalisha Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuchanganya mbegu za zabibu mbili, mama Pinot Noir na baba Cinsaut. Iliyotengenezwa vizuri ina ladha nyingi ya matunda ya zambarau, moshi kidogo, na ukakasi usiokaba. Ndafu na moshi ni ndugu.

Kuna na ile yenye harufu ya kahawa, mtindo ulioanzia shamba la Diemersfontein kule Wellington mwaka 2001. Hamna kahawa humo, ni mbao za mwaloni zilizochomwa sana, ndizo zinazoupa mvinyo harufu hiyo. Wageni wasiozoea mvinyo huipenda. Mimi hunishinda baada ya glasi moja.

Mpishi_Mbezi
Sawa, nimekuelewa. Ila mwekundu wowote kwa joto la Dar usiletwe mezani ukiwa vuguvugu. Tia chupa kwenye barafu kama dakika ishirini kwanza. Kwenye kumbi zetu "joto la chumba" ni nyuzi 30.

Soma_Lebo
Baba, kabla hujalipa, omba picha ya chupa yenyewe, mbele na nyuma. Afrika Kusini ina utaratibu wa asili ya mvinyo tangu 1973. Ikiandikwa Stellenbosch kwenye chupa, zabibu zote lazima ziwe zimetoka Stellenbosch. Aina ya zabibu inayotajwa lazima ifike walau asilimia 85. Ikiandikwa Western Cape tu, hapo zimekusanywa popote ndani ya jimbo hilo, mara nyingi mabonde ya joto yanayomwagiliwa na kuzaa sana. Si mbaya kwa kunywea, lakini usilipe bei ya Swartland.

Mgogo_Halisi
Mnazunguka hadi Cape wakati Dodoma tuna Chenin Blanc yetu, na mwekundu wa Makutupora, na tunavuna mara mbili kwa mwaka! Hao wanavuna mara moja tu.

Baba_Bibiharusi
@Mgogo_Halisi wakwe zangu watarajiwa ni wa Dodoma, watakuja nazo wenyewe, nisiwaharibie zawadi.

@Soma_Lebo ubarikiwe. Picha zimekuja. Pinotage kweli ni Stellenbosch. Ile "Chenin ya Swartland" nyuma imeandikwa Western Cape. Nimemwuliza, anasema "ni ileile tu mzee".

Soma_Lebo
Si ileile. Mwambie ashushe bei au alete yenye Swartland kwenye lebo.

Mbeba_Maboksi_CT
Akikosa ya Swartland, ulizia Chenin ya Paarl au Stellenbosch, ziko nzuri tu. Na kwa kugonganisha glasi, usihangaike na shampeni ya Ufaransa. Tafuta Cap Classique, mvinyo wa mapovu wa huku, unachachushwa mara ya pili ndani ya chupa kama shampeni. Shamba la Simonsig ndilo lililoanza, mwaka 1971.

Baba_Bibiharusi
Kalainika, analeta Chenin ya Paarl kwa bei ya chini. Nachukua hiyo na Pinotage. Cap Classique nitaweka meza kuu tu, kamati isinimalize. Chupa moja inatoa glasi ngapi?

Mpishi_Mbezi
Tano, mhudumu akiwa na mkono mwepesi. Barafu agiza mara mbili ya unayofikiria, friji za kumbi hujazwa soda na bia tangu asubuhi.