Hekta 12 za nyasi juu ya kijito: nipande misonobari ya biashara au niache?

Mwenye_Kilima aliuliza:

Wakuu, naomba ushauri wa wanaoijua misitu ya kupandwa. Kuna hekta 12 za nyasi, mteremko wa wastani, udongo mwekundu wenye kina, na chini kinapita kijito kisichokauka kiangazi. Mpango ni kupanda misonobari aina ya patula kwa ajili ya mbao. Wengine wanasema ni zao lisilo na kazi, unapanda na kusubiri. Wengine wanasema inakausha maji na kuua udongo. Naomba kujua:

1. Faida yake hasa iko wapi, na huwa inapotelea wapi?
2. Kijito kitakauka kweli?
3. Baada ya kuvuna, ardhi itafaa kupandwa tena?

Kipimo_cha_Kifua:

Mkuu, naanza na swali la kwanza, na hilo la "kupanda na kusubiri" ndilo linalofilisi watu.

Nguvu ya msonobari ni hii: unakua haraka kwenye ardhi ambayo mazao mengine yangeikataa, shina linanyooka, mbao yake ni nyepesi, inapigika misumari vizuri na inakunywa dawa ya kuzuia kuoza kwa urahisi. Nyuzi zake zina urefu wa karibu milimita 3, za mkaratusi ni kama milimita 1 tu, ndiyo maana karatasi za mifuko na maboksi yanayobeba uzito zinauhitaji. Mahali pazuri patula hutoa mita za ujazo 15 hadi 20 kwa hekta kwa mwaka. Msitu wa asili haukaribii hapo, kwa hiyo kila gogo la shambani linaweza kupunguza shoka msituni, mradi shamba lenyewe halikuanzishwa kwa kufyeka msitu.

Faida hupotelea sehemu mbili.

Ya kwanza ni kuvuna mapema. Pete za mwanzo kuzunguka kiini, kama 10 hivi, ni mbao changa: laini, inasinyaa hata kwa urefu, na ikikauka inajipinda. Mti wa miaka 9 ni mbao changa karibu yote. Utauza, lakini kwa daraja la chini, na fundi akishaona kenchi limejikunja harudi. Kwa mbao za kupasua fikiria miaka 20 hadi 25. Kama soko lako ni karatasi, miaka 15 hadi 18 inatosha.

Ya pili ni kutopunguzia miti. Ukipanda mita 3 kwa 3 unapata miti 1,111 kwa hekta. Ratiba ya kawaida ni kubakiza kama 650 ikifika miaka 8 hadi 10, kisha kama 400 kwenye miaka 13 hadi 15. Watu huona uchungu kukata miti mizima, wakasahau hesabu: kipenyo kikiongezeka mara mbili, ujazo wa gogo la urefu uleule unakuwa mara nne. Kinachotolewa ni miti iliyopinda, yenye vichwa viwili, iliyofunikwa na wenzake. Ukitoa minene kwa sababu inauzika leo, umebaki na msitu wa vibaki.

Usichelewe pia. Pima urefu wa mti kwa mita, gawa kwa kipenyo cha shina kikipimwa kwenye kimo cha kifua cha mtu, nacho kwa mita. Mti wa mita 18 wenye kipenyo cha sentimita 18 unatoa 100, na msitu wa namna hiyo ukiufungua ghafla upepo utaulaza. Chini ya 80 uko salama.

Kupogolea: awamu ya kwanza miti ikiwa na mita 5 hivi, pogolea hadi mita 2, kisha endelea juu kwa awamu hadi mita 6 au 7. Usiondoe zaidi ya theluthi moja ya matawi mabichi kwa mara moja. Tumia msumeno, si panga, na ukate karibu na shina bila kuumiza ule uvimbe wa shina la tawi. Kisiki cha tawi kikiachwa kinafunikwa na mbao kikiwa kimekufa, na siku ya kuranda kifundo kinadondoka na kuacha tundu.

Bonde_la_Chini:

Nachukua swali la pili, maana mara nyingi linajibiwa kwa ushabiki.

Maji yatapungua. Hilo halina mjadala kama unatoka kwenye nyasi. Nyasi hulala kiangazi, msonobari una majani mwaka mzima na mizizi mirefu, unaendelea kunywa. Juu ya hapo, sehemu ya mvua inanaswa kwenye sindano na kurudi hewani bila kugusa udongo. Utafiti wa mabonde pacha, yaani maeneo mawili yanayofanana, kila moja likilisha kijito chake, moja likipandwa miti na jingine likiachwa, kama ule wa Jonkershoek huko Afrika Kusini, umeonyesha hivyo kwa miongo mingi. Nchi hiyo kupitia sheria yake ya maji ya 1998 inahesabu upandaji wa miti ya biashara kuwa shughuli inayopunguza maji ya mito, nao unahitaji kibali.

Kwa makadirio, uchambuzi wa mabonde 94 uliochapishwa mwaka 1982 ulikuta kwamba kila asilimia 10 ya bonde inayofunikwa na misonobari au mikaratusi hupunguza maji yatokayo kwa wastani wa milimita 40 kwa mwaka. Sasa jiulize bonde zima la kijito chako ni hekta ngapi. Kama ni 600, hekta zako 12 ni asilimia 2, huenda hata usione tofauti. Kama ni 60, hiyo ni asilimia 20, yaani kama milimita 80 kwa mwaka, na upungufu utauma zaidi kiangazi, wakati ambao kila mtu wa chini anakitegemea. Huo ni wastani. Penye mvua kidogo miti haina pa kuyatoa maji mengi hivyo, lakini hapo hata kilichobaki kilikuwa kidogo.

Hutaona kitu miaka miwili mitatu ya kwanza. Hapo ndipo watu hutangaza kwamba "maneno yalikuwa ya uongo."

Mwenye_Kilima:

Asante sana. Bonde lote kwa kukadiria ni hekta 80 hivi. Je, hiyo miti ikipunguziwa alivyosema mkuu hapo juu, maji hayarudi?

Bonde_la_Chini:

Yanarudi kidogo, kwa muda mfupi. Miti iliyobaki inatanua matawi na mizizi, ndani ya misimu michache pengo limezibika. Kupunguzia ni dawa ya mbao, si ya kijito. Kinachookoa kijito ni kutopanda karibu nacho. Acha ukanda wa mita 30, na upime kuanzia ukingo wa ardhi yenye unyevu, pale matete na nyasi za majimaji zinapoishia, si kuanzia katikati ya mkondo. Chemchemi na vibonde vinavyolowa msimu wa mvua uviache pia. Kwa bonde la hekta 80, hekta 12 ni asilimia 15. Kama jirani wa juu naye ana mpango huohuo, kaeni chini pamoja kabla ya kununua miche.

Sindano_na_Kuvu:

Swali la tatu, pamoja na hatari ambazo hazijatajwa.

"Kuua udongo" ni maneno ya kutia chumvi. Kinachotokea ni kwamba sindano zinaoza polepole, zinarundikana, na udongo wa juu unaongezeka uchachu. Ardhi hiyo utailima tena, ila kwa chokaa na kazi ya kung'oa visiki. Uharibifu mkubwa unatokea siku ya kuvuna. Rutuba ya mti haiko kwenye gogo, iko kwenye sindano, matawi na gome. Menya magogo palepale shambani, matawi yalaze kwa mistari ikikingama na mteremko, wala usiyachome. Huko Australia Kusini, miaka ya 1960, iligundulika kwamba kizazi cha pili cha radiata, msonobari wa aina nyingine, kwenye udongo wa mchanga kinakua vibaya kuliko cha kwanza. Mabaki yalikuwa yanachomwa. Yalipoachwa ardhini na magugu kudhibitiwa, ukuaji ulirudi.

Halafu kumbuka msonobari hauchipui kisiki kama mkaratusi. Kila mzunguko ni miche mipya.

Magonjwa: shamba la aina moja, umri mmoja, ni karamu. Radiata iliachwa kupandwa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa sababu ya kuvu wa Dothistroma anayekausha sindano; patula anamstahimili vizuri. Mwingine ni nyigu wa mbao, Sirex noctilio, ambaye hutaga ndani ya shina na kupandikiza kuvu anayeua mti. Mwishoni mwa miaka ya 1980 aliua zaidi ya miti milioni 5 kusini mwa Australia, na alianzia kwenye mashamba yaliyosongamana ambayo upunguziaji ulicheleweshwa. Huko hudhibitiwa kwa minyoo midogo inayowafanya nyigu jike kuwa tasa.

Moto ndiyo hofu yangu kubwa. Gome la patula ni jembamba na sindano kavu zina utomvu. Matawi uliyopogoa yaweke katikati ya mistari, mbali na mashina. Shamba likiungua, usisubiri kuona kama litapona: kata iliyobabuka vichwa ndani ya wiki chache, kabla kuvu wa bluu hajaingia kwenye mbao. Viwanda vya karatasi huwa havitaki gogo lenye masizi ya mkaa kwenye gome.

Kipimo_cha_Kifua:

Nakuongezea hesabu ya miche, maana hekta 12 hutapanda zote. Tuseme kipande ni mita 400 kwa 300, na upande wa mita 400 ndio uko kijitoni. Ukanda wa mita 30 unakula hekta 1.2. Njia ya moto, yaani ukanda unaosafishwa ili moto usivuke, ya mita 10 kwenye pande tatu zilizobaki, kama mita 1,000, inakula hekta 1. Zinabaki 9.8, ambazo ni miche 10,900 hivi. Ongeza asilimia 10 ya kujazia itakayokufa: agiza 12,000.

Kitaluni kagua mizizi kabla ya kulipa. Chomoa miche michache kwenye viriba: mzizi uliojizungusha chini kama springi ya saa hautanyooka tena, na mti huo utaangushwa na upepo ukiwa na miaka 6 au 10. Miche iwe na sentimita 20 hadi 25, shina gumu, na kwenye mizizi uone nyuzi nyeupe za kuvu rafiki. Bila kuvu hao msonobari unabaki wa njano na kudumaa. Ndiyo maana vitalu vizuri huchanganya udongo kutoka chini ya misonobari mikubwa.

Panda mvua ikishalowesha udongo sentimita 30 kwenda chini. Palizi ya duara, kipenyo cha mita 1, kwa miaka miwili ya mwanzo, kwa sababu nyasi zitainyang'anya miche maji kabla ya kitu kingine chochote.

Bonde_la_Chini:

Na ule ukanda wa kijito usiusahau ukishauacha. Mbegu za msonobari zina bawa, zinaruka, na zaidi ya 100,000 zinaingia kwenye kilo moja. Kila mwaka pita ung'oe inayojiotea humo kabla haijaanza kutoa koni. Ikiwa bado chini ya goti inang'oka kwa mkono.