Mrejesho: mama na kutapika baada ya kemo

Wadau, niliuliza mama angu anayechomwa kemo ya sisplatini (dawa ya saratani) hapa Moshi afanyeje, maana alikuwa anatapika hadi siku kadhaa baada ya dripu. Daktari kabadilisha, sasa anapewa dawa za kuzuia kutapika, ondansetroni na deksamethasoni, kabla dripu haijaanza, usiku olanzapini kidogo, inampa usingizi mzito ila kichefuchefu kimekata, na zile za kumezea nyumbani anameza kwa saa zilizopangwa hata akijisikia poa, jamani msisubiri mgonjwa aanze kutapika ndo mumpe. Jana kala mtori, tena uliopoa maana harufu ya chakula cha moto ndo inamvuruga, kamaliza bakuli akaomba mwingine. Aliyesema nimwelezee daktari zile siku za baadae pia, Mungu akubariki sana.