Naomba ushauri: zabibu za chokoleti za Wapendanao zinatoa jasho

Wadau, habari. Zabibu zetu za Dodoma nazikausha kabisa kwa kitambaa (tone moja la maji, chokoleti inashika mabonge), nazichovya kwenye chokoleti nyeusi gramu 200 iliyoyeyushwa juu ya mvuke na kijiko 1 cha chakula cha mafuta ya nazi, kisha naziweka friza kwa muda wa saa 2. Tamu mno! Shida, zikitoka kwenye joto hili la Februari ganda linalowa na kupasuka. Najua maji ya tunda hutanuka yakiganda. Je, nigandishe zabibu kwanza ndipo nichovye, au niongeze mafuta? Hofu yangu, mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 tu. Na kuzisafirisha kutoka mtaa wa Kisasa hadi Area C, hapa Dodoma, deli lenye barafu litatosha?