Nimekataa kumshikia mwenzangu shifti ya usiku, nimeandikiwa barua ya kujieleza. Hii ni haki kweli?

Wakuu, nina hasira na sitaficha. Mimi ni mhudumu wa pampu kwenye sheli moja hapa Dar, jina lake naliacha. Jumanne nilikataa kumshikia mwenzangu shifti ya usiku. Leo asubuhi msimamizi kanikabidhi barua: nijieleze kwa nini nisichukuliwe hatua za kinidhamu kwa "kukosa ushirikiano kazini".

Jumanne hiyo niliingia saa 1 asubuhi, natoka saa 1 jioni, na jamaa ndiye aliyepangwa kunipokea. Saa 11 jioni, nina foleni ya bodaboda mbele yangu, simu inaita. "Mdogo wangu, nishikie leo, nina kikao cha harusi huku Mbagala." Nikamwambia hapana kaka, siwezi, nimesimama tangu asubuhi. Akauliza siwezi kwa sababu gani. Sababu si ndiyo hiyo nimeshakupa! Nikarudia hapana, akakata simu. Muda si mrefu nikaona kwenye kundi la WhatsApp la kazini: "Kuna watu wana roho mbaya humu, siku wakifiwa tutaonana." Yaani natishiwa msiba kwa sababu ya kikao cha harusi. Na watu wazima wakaweka vidole gumba chini yake.

Tena haukuwa usiku wa kawaida, ulikuwa usiku wa bei. Wasiofanya kazi hii hawajui maana yake. Bei kikomo za mafuta za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, zinaanza kutumika Jumatano ya kwanza ya mwezi, saa 6:01 usiku. Zikitangazwa kupanda, watu wanamiminika kuwahi bei ya zamani, na atakayefika saa 6 na dakika mbili atakutukana wewe. Ikifika saa 6 unasimamisha kuuza, unasoma mita ya kila nozo, unaandika, unafunga hesabu ya bei ya zamani, pampu inabadilishwa bei, ndipo unaanza upya. Ukikosea tarakimu moja, asubuhi hesabu inagoma na hiyo ni shoti yako, yaani pesa iliyopungua unakatwa wewe. Jamaa ana miaka kwenye kazi hii, anajua vizuri Jumanne hiyo ikoje. Angalieni rosta za nyuma muone ni usiku gani anaopatwa na vikao.

Shoti ndiyo inayoniumiza kuliko usingizi. Ukishika shifti ya mtu, pampu inahesabika imekabidhiwa kwako. Saa 9 usiku anakuja mtu na gari, anajaza ya elfu themanini, anakuonyesha meseji ya kulipa kwa lipa namba, taa zinamulika machoni, umechoka, unasema sawa nenda. Asubuhi pesa haipo, meseji ilikuwa feki. Nani anakatwa? Aliyekuwa kwenye kikao haulizwi. Ila mwisho wa mwezi shifti ile inabaki kwa jina lake kwenye rosta, maana rosta haibadilishwi, na mshahara wake unakuja kamili. Wewe uliyekesha huandikiwi hata saa moja ya ziada.

Halafu mtu anakwambia leo kwangu kesho kwako. Hiyo kesho kwa huyu kaka haijawahi kufika! Nimemshikia mara kadhaa, na siku mwanangu alipolazwa nilipompigia alisema yuko safarini. Sikumtangaza kwenye kundi. Akifiwa kweli nitasimama, hata kama nimetoka usiku, na wote pale wanalijua hilo. Lakini kikao cha harusi kinajulikana tarehe tangu wiki iliyopita. Kwa nini unisubiri saa 11 jioni?

Sasa nije kwa ofisi, maana barua imetoka huko. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 19, inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Saa za ziada ni kwa makubaliano, zisizidi 50 kwa kila wiki nne, zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Hata kwa makubaliano, mwajiri haruhusiwi kumfanyisha mtu zaidi ya saa 12 kwa siku. Kifungu cha 24 kinadai angalau saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya kumaliza kazi na kuanza tena. Mimi nilitakiwa nipumzike saa ngapi hapo? Sifuri. Saa 24 nimesimama navuta harufu ya petroli.

Tena sisi tunaingia siku sita kwa wiki, saa 12 kila siku, na chakula tunakula tumesimama pembeni ya pampu. Hizo ni saa 72. Toa 45, zinabaki 27 kila wiki, kwa wiki nne ni 108. Zaidi ya mara mbili ya kiwango, kabla sijamshikia mtu yeyote! Hata hiyo shoti, kifungu cha 28 kinataka uandikiwe hasara imetokeaje na imehesabiwaje, upewe nafasi ya kuipinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Pale kwetu unaambiwa mdomoni tu, siku ya kulipwa.

Kutafuta mtu wa kuziba pengo ni kazi ya msimamizi. Yeye ndiye anayepanga rosta, yeye ndiye anayejua tuko wachache. Pampu moja ilikaa bila mtu usiku ule kwa sababu hawataki kuajiri, na leo aliyeshtakiwa ni aliyemaliza shifti yake salama, akakabidhi mita na pesa hesabu ikiwa sawa. Jamaa ambaye hakutokea kazini hajaandikiwa chochote. Nimeuliza kwa nini, nimejibiwa "yeye alitoa taarifa". Kwa nani? Kwangu!

Natakiwa kujibu kabla ya Ijumaa. Nimeandika kwamba shifti haikuwa yangu, nilikuwa nimeshafanya kazi kwa muda wa saa 12, hakuna makubaliano ya saa za ziada niliyosaini, na nimeambatanisha nakala ya rosta na ukurasa wa makabidhiano wenye saini ya msimamizi mwenyewe. Sijaomba msamaha mahali popote na sitaomba.

Ninachotaka kwa mwenye uzoefu na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA: barua hii peke yake inatosha kupeleka malalamiko, au nisubiri waniadhibu kwanza? Na saa za ziada za miezi ya nyuma naweza kuzidai huku bado niko kazini?