Mjadala: Kiumbe wa Frankenstein ni mtu au ni zimwi?

Ndugu wachangiaji, waliotangulia wamegawanyika pande mbili: wapo wanaosema kuwa kiumbe aliyeundwa na Victor Frankenstein, katika riwaya ya Mary Shelley ya mwaka 1818, ni zimwi tangu alipofumbua macho, na wapo wanaosema kuwa alikuwa mwema, ila walimwengu walimharibu. Mimi nashikilia kuwa ni mtu, na kwa sababu hiyohiyo siwezi kumtetea kama upande wa pili unavyomtetea.

Utu wake unaonekana alipojificha katika kibanda kilichopakana na nyumba ya akina De Lacey, familia iliyoishi mashambani. Mwanzoni aliwaibia chakula usiku. Alipotambua kuwa ni maskini, na kwamba vijana wale walijinyima ili baba yao kipofu ashibe, aliacha kuiba, akawa anakula matunda na mizizi ya porini, huku akiwakatia kuni gizani bila wao kujua zinatoka kwa nani. Huko ndiko alikojifunza kusema na kusoma. Filamu mashuhuri ya mwaka 1931 ilimnyima maneno hayo, na nadhani wengi wanaomwita zimwi wamemjua kwa filamu hiyo.

Lakini tazameni yaliyofuata baada ya kumuua mtoto William, mdogo wake Victor. Kumkaba mtoto yule tunaweza kusema kulitokana na ghadhabu. Je, ile picha ndogo ya mama yake Victor, ambayo mtoto alikuwa ameivaa? Aliichukua kwa marehemu, akamkuta Justine, mtumishi wa nyumba ya akina Frankenstein, amelala ghalani, akaificha katika mikunjo ya nguo yake, akijua fika kwamba itamponza, na Justine akanyongwa kwa kosa asilolitenda. Anayetunga hila ya namna hiyo ameelewa jinsi watu wanavyohukumiana. Tukidai kuwa dhiki na kukataliwa ndiko kulikomlazimisha, tunamnyang'anya hiari yake, na hapo tumemrudisha kwenye uzimwi tuliotaka kumtoa. Yeye mwenyewe, mbele ya maiti ya Victor katika meli ya Walton, msafiri aliyemwokoa Victor kwenye barafu, analaumu wanadamu wote waliomkosea, lakini hajisafishi.

Basi wanaomwita zimwi wanijibu hili: Victor aliamini kwamba Justine hana hatia, akamjua muuaji, akanyamaza kwa kuhofia kuitwa mwendawazimu hadi binti yule akanyongwa; yeye tumwite nani?