Faili 31 za hadithi za bibi: nitaziunganishaje ziwe kitabu kimoja cha kusikiliza?

Mchambuzi wa Wete
Assalamu alaykum wanabaraza. Msimu uliopita wa karafuu nilimrikodi bibi yangu, kwa ridhaa yake, akitusimulia hadithi usiku huku tukichambua karafuu. Zimepatikana faili 31 zenye jumla ya saa 9 hivi. Nyingi nilizirikodi kwa simu na ni za aina ya m4a, na nyingine nimetumiwa na binamu zangu kwa WhatsApp, nazo ni za opus, aina nyingine ya faili za sauti. Nilizijaribu kwa programu moja ya simu, lakini hadithi ya 10 ilikuja mbele ya ya 2, na ikatoka faili moja ndefu isiyo na sura. Mama yangu mkubwa, ambaye haoni, kila akiisimamisha hulazimika kurudi kwenye "Paukwa" ya mwanzo kabisa. Naomba mnielekeze programu inayofaa.

Fundi wa Chake
Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Programu nyingi hupanga majina tarakimu kwa tarakimu, ndiyo maana 10 hutangulia 2; zipe faili majina yanayoanza na 01, 02, 03 na tatizo hilo litaondoka. Zile za WhatsApp usiziamini kwa tarehe iliyomo katika jina, kwani si lazima iwe ya siku ya kurikodiwa. Sikiliza mwanzo wa kila moja.

Umbo unalolihitaji ni M4B, ambalo ndani yake ni sawa na m4a, ila hubeba alama za sura, na programu za kusikilizia vitabu hukumbuka msikilizaji alipoishia. Kwa kompyuta ya Windows tumia AudioBookConverter, ambayo ni ya bure: unaingiza faili zote, unazipanga, unaandika jina la kila sura, kisha unatoa kitabu kimoja. Wenye Mac wana Audiobook Builder, lakini hiyo hulipiwa. Chagua mono, yaani mkondo mmoja wa sauti badala ya miwili ya stereo, na kilobiti 64 kwa sekunde, kwa sababu sauti ya msimulizi mmoja haihitaji stereo. Kila saa itachukua megabaiti 29 hivi, na kitabu chako chote kama 260. Tafadhali usizigeuze kwanza kuwa MP3 halafu M4B, maana kila mgeuzo wa namna hiyo hupunguza ubora wa sauti.

Mwalimu wa Makunduchi
Nakubaliana na Fundi, ila kuna kazi ya kutangulia. Sauti ya simu na sauti za WhatsApp hazitalingana ukubwa, na msikilizaji atachoka kupandisha na kushusha. Zifungue katika Audacity, programu ya kuhariri sauti ambayo nayo ni ya bure, uzisawazishe, kisha uzihifadhi kama WAV, umbo lisiloibana sauti, kabla ya kuziunganisha, ili zibanwe mara moja tu mwishoni. Kifaa cha kupunguza kelele kitumie kwa uangalifu mkubwa: ukizidisha, msimulizi husikika kama anazungumza ndani ya maji. Mimi binafsi nisingeifuta adhana inayosikika kwa mbali, wala vicheko vya watoto, kwa sababu hivyo ni sehemu ya usiku ule.

Jambo jingine, mama mkubwa anatumia simu gani? Simu ndogo za vitufe na redio za kadi kwa kawaida husoma MP3, na M4B huzishinda. Kwake yeye huenda zikafaa zaidi MP3 31 zenye namba, hadithi moja katika kila faili, ili abonyeze kitufe kimoja tu kuifikia inayofuata.

Mchambuzi wa Wete
Shukran sana, Fundi na Mwalimu. Anatumia redio ya kadi, kwa hiyo nitatengeneza zote mbili: MP3 kwa ajili yake, na M4B kwa jamaa walioko Maskati. Faili za asili nimeshazinakili kwenye diski ya nje wala sitazigusa. Majina ya sura nitayaandika kwa Kipemba, kama bibi mwenyewe anavyoziita hadithi zake, na leo baada ya isha nitakaa naye tuyapitie moja moja.